Nusu Fimbo Ardhini

Ujumbe wenu nimeupata wote, hata wa yule aliyeandika, "Wewe si fundi, wewe ni mchawi mwenye bisibisi." Ndugu yangu, sina la kukujibu. Endelea kunisoma tu, leo utapata sababu ya kuandika tena.

Wewe uliyeingia leo kwenye safu hii nakusimulia kwa kifupi. Mimi ni fundi umeme. Wananiita Mstari, kwa sababu nyaya zangu ukutani zinanyooka kama zimepigwa rula. Miezi minane iliyopita nilifunga umeme kwenye nyumba mpya. Kazi ilikuwa ya mwalimu wangu, Mzee Tesa, mwenye leseni, lakini wiki ile mgongo ulimlaza kitandani, nikaifanya peke yangu. Nilipomaliza nikampelekea cheti palepale kitandani.

"Iko sawa?" akaniuliza.

"Iko sawa, Mzee."

Akasaini.

Haikuwa sawa. Nyumba ile alikuja kuipanga mshonaji mmoja, wanamwita Bi Cherehani, na wiki mbili zilizopita pasi ya umeme ilimrusha mpaka ukutani. Alipona, ila vidole vya mkono wake wa kulia vimekufa ganzi. Malalamiko yake yakafika kwenye kamati ya maadili ya chama chetu cha mafundi. Mshtakiwa ni Mzee Tesa, maana jina lake ndilo liko kwenye cheti. Katibu wa kamati ni mimi hapa.

Wiki iliyopita nilizungukazunguka, nikakwepa kusema nilifanya nini hasa. Mke wangu alisoma gazeti akaniambia, "Umeandika ukurasa mzima na hujatubu hata mstari mmoja."

Haya. Natubu.

Kila nyumba yenye umeme inatakiwa iwe na fimbo ya ethi. Ni fimbo ya shaba, urefu wake futi nne, tunaipigilia ardhini mpaka kibaki kichwa tu, kisha tunakifunga waya wa kijani. Umeme ukipotea njia ukaingia kwenye bati la pasi au la friji, unakimbilia kwenye ile fimbo na kuzama ardhini. Fimbo isipokuwepo, au ikiwa fupi, unatafuta njia nyingine. Njia nyingine ni wewe uliyeshika pasi.

Siku ile nilikuwa nimewaahidi watu watatu. Wote watatu nilikuwa nimewaambia "nipo njiani," mmoja wao nikiwa bado ndani ya blanketi. Mafundi mnanielewa. Fimbo ilizama futi mbili, ikagonga mwamba. Nikapiga nyundo, ikanirudishia mkono. Nikapiga tena, mkono ukaniuma mpaka begani.

Kilichotakiwa nakijua hata ukiniamsha usingizini. Ing'oe, sogea hatua tatu, anza upya. Ni kazi ya nusu saa, na jasho kidogo.

Simu ikalia. "Fundi, uko wapi?"

"Nipo njiani!"

Nikachukua msumeno wa chuma, nikaikata fimbo usawa wa udongo. Kichwa nikakipiga tupa kikalainika, waya wa kijani nikaufunga vizuri, nikarudisha mchanga na kuusawazisha kwa kiganja. Ilipendeza. Kipimo cha ethi kinachoandikwa kwenye fomu sikukichukua kwenye mita, nilikitoa kichwani. Kile kipande cha juu nikakitupia kwenye mfuko wa vifaa, nikaondoka.

Ndiyo hivyo tu. Sikuiba wala sikumpiga mtu. Nilikuwa na haraka.

Alhamisi, siku ya kikao, niliamka alfajiri nimepiga moyo konde. Nilikwenda nyumbani kwa Mzee Tesa nimweleze kila kitu kabla hatujaingia ukumbini. Nilimkuta Mama, mkewe, uani, anafagia. Yule mama amenilisha miaka sita ya uanafunzi wangu, na ninapomwita Mama namaanisha.

"Mstari mwanangu, afadhali umekuja," akasema. "Ile mashine ya kufulia uliyonifungia inanitekenya."

"Inakutekenya?"

"Vidole. Nikigusa mlango wake na mikono imelowa, kitu kinanitekenya tekeee, mpaka kwenye kiwiko. Mzee wako miaka yote hii hajanitekenya, leo mashine ndiyo inakumbuka." Akacheka mpaka akaegemea kamba ya nguo.

Nami nikacheka, kwa mdomo tu. Akili yangu ilikuwa ukumbini.

"Vaa ndala, Mama. Nitapita kesho niiangalie."

"Kesho yenu mafundi naijua. Na Mzee usimwambie, ana mambo yake ya kamati, amekula vijiko viwili tu tangu jana."

Mzee Tesa akatoka, ameshanyoa ndevu, shati limepigwa pasi. Nyuma ya sikio ameichomeka tesa yake, ile bisibisi ndogo ya kupimia umeme. Ndiyo iliyompa jina, haivui hata msibani. Nikampokea mkoba, tukaanza kutembea.

Tulipofika kona ya kinyozi nikasimama. "Mzee, kuna jambo."

"La ile nyumba?"

"Ndiyo."

"Usiniambie."

Nikadhani hakunisikia. "Mzee, siku ile mimi..."

"Nimesema usiniambie." Hakunitazama usoni. "Sasa hivi sijui kitu. Ukiniambia nitakuwa najua, na nikiulizwa nitasema. Mimi si hodari wa kuficha. Kwa hiyo nyamaza, tutembee."

Kumbe alishajua. Hakujua nini, alijua nani. Nikamfuata.

Nakiri pia kwamba kuna sehemu ya moyo wangu iliyofurahi. Ilisema, si umejaribu? Mwenyewe amekataa.

Ukumbi wetu ni chumba kimoja juu ya duka la rangi. Kuna meza ndefu, viti vya plastiki na, ukutani, kanuni za maadili zilizoandikwa kwa mwandiko mzuri kweli. Mwandiko wangu. Kiti cha katibu kinaitazama Kanuni ya Nne uso kwa uso: "Kazi itakayofunikwa na udongo au plasta ifanywe vizuri kuliko ile itakayoonekana." Nilipoiandika nilipigiwa makofi.

Mwenyekiti wetu ni mwanamke, fundi bomba, miaka ishirini na tano kwenye mitaro ya watu. Hana maneno mengi.

"Katibu, andika. Mlalamikaji, sema."

Bi Cherehani alisimama. Mwembamba, mkono wa kulia ameufunga kitambaa alichokishona mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Mshono wenyewe umekwenda upande, na alikuwa anauonea aibu, maana aliuficha ubavuni.

"Mimi sina maneno ya kisheria," akasema. "Nina hii." Akatoa sindano na uzi, akaviweka mezani. Akaichukua sindano kwa kushoto, uzi kwa kulia, akajaribu kutunga. Uzi ukapita pembeni. Akajaribu tena. Mara ya tatu uzi ulianguka, na yeye hakujua kwamba umeanguka. Aliendelea kusukuma vidole vitupu kwenye tundu la sindano.

Mwishowe akauona uzi mezani.

"Katibu," akaniita. "Wewe una vidole vizima. Hebu nitungie."

Nikainuka. Nikatunga mara moja tu, nikamrudishia.

"Ahsante, kaka yangu," akasema, na lile neno lilinichoma kuliko tusi.

Mwenyekiti akamuuliza, "Hukuona dalili yoyote kabla?"

"Niliona. Ilianza kwa kunitekenya tu. Nikishika pasi, inanitekenya, mpaka nikawa nawafanyia wateja utani. Nikapiga ile namba ya kwenye cheti. Fundi akaniambia, 'Hiyo kawaida, dada, vaa ndala.' Nikavaa. Wiki mbili nzima napiga pasi na ndala. Siku moja nikasahau."

Kalamu yangu ilisimama kwenye neno "tekenya." Nilikuwa nimelisikia asubuhi ileile. Kuna kitu kilipita kichwani, kikataka kukaa.

"Aliyekujibu ni huyu mzee?" Mwenyekiti akauliza.

"Sauti haikuwa ya mzee. Ilikuwa ya kijana."

Kile kitu cha kichwani kikaruka kama nzi. Maana siku ile Mzee alikuwa juu ya ngazi, simu yake ikalia mfukoni mwa koti, mimi ndiye niliyeipokea. Nilijibu huku natafuna karanga.

"Katibu, mbona huandiki?"

"Naandika, Mwenyekiti."

"Mshtakiwa. Nani alikujibia simu?"

Mzee Tesa akasimama polepole, mkono kiunoni. "Simu ni yangu. Lililosemwa kwenye simu yangu nimelisema mimi."

"Sikukuuliza hivyo."

"Ndivyo ninavyojibu."

Mwenyekiti akamkata jicho. "Na fimbo ya ethi? Mkaguzi wetu ameipima, kipimo kibaya mno. Fomu inasema kingine. Nani aliipigilia?"

Nikaiweka kalamu chini. Wallahi nilifungua mdomo. Niliisikia pumzi yangu mwenyewe ikiingia kwa ajili ya kusema "mimi."

"Mimi," akasema Mzee Tesa.

"Na fomu?"

"Mimi."

"Mgongo wako wiki ile ulikuwa kitandani. Mji mzima ulikuja kukupa pole, na mimi nilileta machungwa."

"Niliamka. Nikaenda, nikafanya, nikarudi kulala." Alikuwa anaongopa vibaya kama mtoto mwenye sukari mdomoni. "Makosa ni yangu. Dada huyu namwomba msamaha. Andikeni."

Mwenyekiti akanigeukia. "Katibu, andika. Mshtakiwa amekiri."

Mnaona nilipofika? Nikaandika. "Mshtakiwa amekiri," kwa mwandiko uleule mzuri, kila herufi imenyooka. Nikapiga mstari chini yake.

Bi Cherehani alikuwa anamtazama Mzee kwa huruma, jambo lililonishangaza. Akasema, "Baba, wewe unaonekana mtu mzuri. Kwa nini hukunifanyia vizuri?"

Mzee alivua tesa kutoka nyuma ya sikio akaiweka mezani. Miaka yote niliyomjua sikuwahi kuliona sikio lile likiwa tupu.

"Bado," akasema Mwenyekiti, akaisukuma tesa imrudie. "Hatufuti jina la mtu kwa maneno. Jumamosi asubuhi tunakwenda kuifukua. Kamati yote, na mlalamikaji."

Tulipotoka nikamkimbilia Mzee kwenye ngazi. "Mzee, kwa nini? Mimi sikukuomba!"

"Punguza sauti." Akashuka ngazi moja, akapumzika. "Mimi nimebakiza miaka mingapi ya kupanda ngazi? Miwili? Wewe ndiyo kwanza unajenga jina. Halafu kosa langu lipo kweli. Nilisaini kitu nisichokiona."

"Uliniamini."

"Leseni haisemi niamini. Inasema nipime."

"Nitawaambia ukweli, Mzee."

"Utawaambia," akakubali, kama mtu anayemkubalia mlevi. "Ila umeandika kwenye kitabu kwamba nimekiri. Kwa hiyo leo nenda nyumbani ukapumzike."

Nilikwenda nyumbani. Ijumaa sikwenda popote. Nilijifungia chumbani nikimwambia mke wangu ninaumwa tumbo, na kwa Mama, niliyemwambia nitapita kesho, sikupita. Jina lake halikunijia hata mara moja. Niliwaza leseni yangu, ambayo nilibakiza miezi mitatu kuipata. Niliwaza watu watakavyoniita badala ya Mstari.

Jumamosi jua lilikuwa kali. Miezi hii mvua hakuna, udongo wa uani kwa Bi Cherehani ulikuwa umepasuka vipande. Alitutolea viti, akakataa kukaa. Alivaa ndala.

Mwenyekiti akaniletea sururu. "Katibu, wewe ndiye mwenye mgongo mzima. Chimba."

Nikachimba, kwa mikono ileile. Wajumbe wamenizunguka, Mzee Tesa amesimama nyuma yangu, namsikia anavyopumua. Nilitegemea mwamba uishikilie, unipe kazi, unipe muda. Wapi! Niliposhika kichwa cha fimbo na kuvuta, ilitoka kama karoti.

Futi mbili. Nikainua mkono nao wakaona.

"Yesu na Maria," mjumbe mmoja akasema. "Hii ndiyo iliyokuwa inalinda nyumba?"

Mwenyekiti akaipokea. Mwanamke yule amekata mabomba tangu ujana wake. Akapitisha kidole gumba juu ya kichwa cha fimbo, taratibu, kama anayepapasa uso wa mtu.

"Haikuvunjika," akasema. "Imekatwa kwa msumeno, ikapigwa tupa. Kazi safi sana. Mzee, umeikata wewe?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Kuna mwamba hapo chini. Nikachoka."

"Na nusu ya pili iko wapi?"

Mzee Tesa alikuwa amejiandaa kwa maswali yote. Hilo hakulitegemea.

"Nilitupa," akasema.

"Wewe ulitupa shaba?" Mwenyekiti hakupandisha sauti. "Tangu lini fundi akatupa futi mbili za shaba safi? Mimi naijua mikono yetu. Kipande kizuri namna hii hatukitupi. Tunakwenda nacho, na kazi inayofuata, pale panapotakiwa fimbo nzima, tunakipigilia hichohicho, kichwa kinaonekana, basi. Kwa hiyo kuna nyumba nyingine, na ndani yake kuna watu. Mzee, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Iko wapi?"

Mzee akanitazama. Hakunitazama kwa kunishtaki. Alinitazama kama mtu aliyebeba mzigo wa mwenzake safari nzima, anafika mlangoni anaulizwa ndani kuna nini, na hajui. Alikuwa ananiuliza.

Na mimi, ndugu zangu, ndipo nilipokumbuka. Naapa kwamba miezi minane sikuwa nimekiwaza kile kipande. Kazi ya tatu ya siku ile, ile niliyoambiwa "Fundi, uko wapi?" nikajibu "nipo njiani," ilikuwa zawadi. Wanafunzi tuliompenda Mzee tulikuwa tumemletea mkewe mashine ya kufulia, na mimi nikajitolea kuifunga wakati Mzee amelala ndani na mgongo wake. Ilihitaji fimbo yake. Nilifungua mfuko wa vifaa. Nikanoa ncha kwa tupa, nikapiga nyundo mara kumi, ikaingia yote. Mama akaniletea maji ya kunywa, akasema, "Mungu akubariki mwanangu, umemaliza upesi."

*Inanitekenya.*

*Vaa ndala, Mama.*

"Nusu ya pili," nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Mwenyekiti, futa ulichoniamuru niandike. Fimbo hii nimeikata mimi. Fomu nimeijaza mimi. Sauti ya kwenye simu ni yangu. Huyu mzee hajui kitu, anaongopa kwa ajili yangu."

Bi Cherehani akaja mbele, mkono wake mbovu umening'inia. "Wewe?" akasema. "Wewe uliyenitungia sindano?"

"Mimi, dada."

Mwenyekiti hakushtuka hata kidogo. "Sikukuuliza nani, Katibu. Nani nilishajua tangu Alhamisi. Nimeuliza wapi."

Nikamgeukia mwalimu wangu.

"Iko kwako, Mzee. Uani kwako, nyuma ya mashine ya Mama. Alhamisi aliniambia inamtekenya. Nikamwambia avae ndala."

Uso wake sitausahau. Hakukasirika. Alishika ukuta.

"Mzee," nikasema, "Mama anafua siku gani?"

Akanyanyua macho akalitazama jua, kama mtu anayesoma saa.

"Leo," akasema.